Kalamu ya Mama: Ni Zawadi au Ni Kazi?

Siku hizi akina mama wengi wanaandika. Wengine huandika hadithi za watoto, wengine mawaidha ya ndoa, wengine mapishi, na wengine tafakari za asubuhi zinazopita kutoka simu hadi simu kabla jua halijachomoza. Zamani aliyetaka kusomwa ilimbidi apeleke mswada kwa mchapishaji, kisha angoje miezi, pengine miaka. Leo mama anaandika usiku watoto wakiwa wamelala, na kabla hajazima taa maneno yake yamekwisha kusomwa Mwanza, Mombasa na hata Muscat.

Hiyo ni baraka kubwa. Lakini pamoja na baraka hiyo limekuja swali ambalo halina jibu la haraka: je, mwandishi atoe kazi yake bure mtandaoni? Wapo wasemao kwamba kipaji kimetoka kwa Mungu, basi anayedai malipo ana tamaa. Wapo pia wasemao kwamba anayeandika bure anajidhulumu mwenyewe na kuwaharibia wenzake soko. Na nyumbani nako baba watoto anauliza, "Hayo unayoandika kila usiku, yanatuletea nini?" Si swali la ubaya. Bando inanunuliwa, umeme unalipiwa, na mama mwenyewe asubuhi anaamka amechoka.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu, pande zote mbili.

BURE KWA NANI?

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Mama akishona gauni, kila mtu anaona kitambaa, uzi, na mgongo ulioinama juu ya cherehani. Akikaanga vitumbua, harufu inaitangaza kazi yake mtaa mzima. Kazi ya kuandika haionekani hivyo. Jirani akimkuta mwandishi amekaa na daftari, hudhani amepumzika. Kumbe hadithi ya kurasa nne huweza kula usiku wa siku tano: kuandika, kufuta, kusoma tena kwa sauti, na kutafuta neno moja lililokataa kuja.

Tena maandishi yana tabia ambayo kitumbua hakina. Ukinipa kitumbua chako, wewe umebaki bila kitumbua. Ukinipa hadithi yako, unabaki nayo, nami naweza kuwapa watu mia moja nayo isipungue. Ndiyo maana wengi hawaoni kosa kuichukua. Wanasema, "Si bado anayo?" Ni kweli, hadithi anayo. Saa alizozitumia kuiandika ndizo hawezi kuzirudisha.

Na tukitazama vizuri, mtandaoni bure ni chache. Msomaji ameilipa kampuni ya simu ili apate bando. Mwenye tovuti analipwa na wenye matangazo. Kampuni inayohifadhi maandishi nayo ina njia zake za kupata fedha. Katika mnyororo huo wote, anayebaki mikono mitupu mara nyingi ni yule ambaye bila yeye pasingekuwa na cha kusoma.

MAMA WA WATOTO SABA

Tatizo hili halikuanza na simu za mkononi. Tangu zamani, kila ilipopatikana njia nyepesi ya kunakili maandishi, mwandishi amekuwa wa mwisho kukumbukwa. Tumwangalie mwanamke mmoja ambaye maisha yake hayakuwa mbali na yetu.

Harriet Beecher Stowe alizaliwa Marekani mwaka 1811. Alikuwa binti wa mhubiri na mke wa mwalimu wa Biblia ambaye mshahara wake haukutosha. Alizaa watoto saba, na mmoja wao alifariki kwa kipindupindu mwaka 1849 akiwa bado mdogo sana. Katikati ya nepi, sufuria na wageni, mama huyu alikuwa akiandika makala na hadithi fupi ili kuongeza pato la nyumba. Mwaka 1851 alianza kuandika hadithi ya kupinga utumwa, ikawa inatoka kidogo kidogo katika gazeti la kila wiki. Mwaka 1852 ikachapishwa kuwa kitabu, Uncle Tom's Cabin.

Nchini mwake, ambako sheria ilimlinda, alipata haki yake. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala kama 300,000, na malipo yake ya miezi michache ya mwanzo yalipita dola 10,000, fedha ambazo familia ile haikuwahi kuziota. Lakini Uingereza mambo yalikuwa mengine. Wachapishaji wengi walikinakili kitabu bila kumwuliza wala kumlipa, kwa sababu wakati ule hapakuwa na mapatano ya hakimiliki kati ya nchi hizo mbili. Inakisiwa kwamba nakala zilizouzwa huko zilipita milioni moja. Hata nyumbani alipata pigo. Mchapishaji mmoja wa Philadelphia alitoa tafsiri ya Kijerumani bila ruhusa. Stowe alikwenda mahakamani, na mwaka 1853 akashindwa, kwa kuwa jaji aliona kwamba tafsiri si nakala ya kitabu chake.

Lakini tazama jambo moja. Mwaka huo huo wa 1853 Stowe alipoizuru Uingereza, wasomaji wa kawaida walikuwa wamechanga peni kwa peni, wakamkabidhi mchango wao. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Walijua tu kwamba wamekula jasho la mtu.

Baadaye nchi mbalimbali zilianza kukubaliana. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 uliweka msingi kwamba kazi ya mwandishi wa nchi moja ilindwe pia katika nchi nyingine zilizotia sahihi. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1993, na Tanzania mwaka 1994. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001, maandishi yako yanalindwa tangu unapoyaandika, bila kungoja cheti. Ulinzi huo unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, kwa hiyo watoto wako wanaweza kuurithi. Sheria hailindi wazo tupu. Inalinda namna ulivyolieleza. Na tofauti na siku za Stowe, anayetaka kutafsiri hadithi yako anahitaji ruhusa yako.

Dada mpendwa, uliyeandika hadithi jikoni kwako, je, ulijua kwamba una mali?

WALIOANDIKA BURE, GAZETI LIKAUZWA

Sasa tuje kwenye mtandao wenyewe. Mwaka 2005 lilianzishwa Marekani gazeti la mtandaoni lililoitwa The Huffington Post. Lilikuwa na waandishi wake wa mshahara, lakini pia lilifungua mlango kwa maelfu ya watu walioandika bila malipo. Waliahidiwa kusomwa na watu wengi, na kweli walisomwa. Gazeti likakua.

Mwezi Februari mwaka 2011 gazeti hilo liliuzwa kwa kampuni ya AOL kwa dola milioni 315. Walioandika bure hawakupata hata senti. Mwezi Aprili mwandishi mmoja wao, Jonathan Tasini, alifungua kesi kwa niaba ya wenzake, wakidai angalau dola milioni 105. Walisema kwamba thamani ya gazeti ilijengwa pia kwa mikono yao.

Mahakama ilisemaje? Mwaka 2012 kesi ilitupwa, na rufaa nayo ikashindwa mwaka huo huo. Waandishi walijua tangu mwanzo kwamba hakuna malipo, na walikubali kwa hiari yao. Walichoahidiwa ni kusomwa, na wakasomwa. Kisheria hapakuwa na deni. Mwezi Januari mwaka 2018 gazeti lenyewe liliufunga mlango ule wa waandishi wasiolipwa.

Tusiwahukumu haraka wale walioandika. Baadhi yao walipata walichokitafuta. Daktari aliyetaka kuwaonya watu juu ya ugonjwa fulani aliwaonya. Mwanasiasa aliyetaka kusikika alisikika. Waliopata hasara ni wale walioishi kwa kalamu, wakatoa wakitumaini kwamba siku moja watakumbukwa, huku hakuna mahali palipoandikwa kwamba watakumbukwa. Matumaini yaliyobaki moyoni mwa mmoja tu si makubaliano.

WALIOTOA WAKAPATA

Hata hivyo, tungesema uongo kama tungedai kwamba kila anayetoa bure hupoteza.

Andy Weir alikuwa akifanya kazi ya kuandika programu za kompyuta huko Marekani. Alikuwa amewahi kujaribu kuwa mwandishi bila mafanikio. Basi akaanza kuweka hadithi katika tovuti yake, sura baada ya sura, bila malipo. Ilihusu mtu aliyeachwa peke yake katika sayari ya Mars. Wasomaji walimwandikia na kumsahihisha makosa ya kisayansi. Walipomwomba aiweke mahali ambapo wangeweza kuisoma kwa urahisi zaidi, aliiuza kwa senti 99 za dola. Watu wakainunua kwa wingi ingawa ilikuwa ya bure kwenye tovuti yake. Mwaka 2014 ilitolewa na kampuni kubwa ya vitabu kwa jina The Martian, na mwaka 2015 ikawa sinema.

Mwandishi mwingine, Cory Doctorow, mwaka 2003 alitoa riwaya yake bure mtandaoni siku ile ile ilipoanza kuuzwa madukani. Hoja ya watu wa upande huu ni kwamba mwandishi asiyejulikana haumizwi sana na wezi. Kinachomwumiza ni kutojulikana.

Hoja hiyo ina ukweli, na sisi tunaijua tangu sokoni. Muuza machungwa hukata kipande akasema, "Onja kwanza, mama." Kipande kile ni cha bure, lakini hakuna aliyewahi kumwona muuza machungwa akigawa gunia zima ili wateja waonje. Wako waandishi wa Kiswahili wanaofanya vivyo hivyo. Hutoa sehemu za mwanzo za hadithi bure kwa simu, na anayetaka kuendelea hutuma fedha kidogo, ndipo aletewe zilizobaki.

Tena angalia kwamba Weir alipokuwa akitoa bure, alikuwa na mshahara wake. Kodi ya nyumba haikungoja sura inayofuata. Anayekula kwa kazi nyingine anaweza kugawa hadithi kwa moyo mweupe. Mjane anayetegemea kalamu kulipa karo hawezi kuambiwa afanye kama yeye.

Yapo pia maandishi ambayo tangu mwanzo yaliandikwa ili yatolewe. Mwaka 2014 ulifunguliwa mtandaoni mradi wa African Storybook, unaotoa hadithi fupi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Mwalimu yeyote anaweza kuzisoma, kuzichapa na kuzitafsiri bila kulipa, kwa sababu waandishi wamekubali hivyo kwa leseni iliyo wazi, na jina la mwandishi linabaki. Shule ambayo darasa la kwanza lina kitabu kimoja kwa watoto kumi inaelewa uzito wa zawadi hiyo.

HAKI KWANZA, ZAWADI BAADAYE

Sasa tufike kwenye jambo linalowasumbua hasa akina mama wa makanisani. Mara nyingi mama huambiwa, "Hii ni huduma, usiitaje fedha." Katika maandalizi ya Krismasi kwaya hulipiwa nauli, mwenye vipaza sauti hulipwa, aliyechapa kadi hulipwa. Aliyeandika mchezo wa watoto kwa majuma matatu huambiwa, "Mungu atakulipa."

Ni kweli kwamba katika Injili ya Mathayo sura ya 10 Bwana Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba walichopata bure wakitoe bure. Lakini tukiendelea kusoma, mistari miwili tu mbele, katika maagizo yale yale, anasema kwamba afanyaye kazi anastahili kulishwa. Hayo mawili yamewekwa pamoja, na sisi tusiyatenganishe.

Mtume Paulo anatuonyesha namna ya kuyashika yote mawili. Katika sura ya 9 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho anaeleza kwa urefu kwamba anayo haki ya kutunzwa kwa kazi yake, akitaja askari, mkulima wa mizabibu na mchungaji. Baada ya kuithibitisha haki hiyo, ndipo anasema hakuitumia. Naye alikuwa na kazi ya kushona mahema iliyompa chakula. Kwanza alijua anachodai, kisha akakiacha kwa hiari yake.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini moyo hauwezi kutoa kitu kilichokwisha kuchukuliwa. Mama asiyejua kwamba hadithi ni yake, anayeona haya kutaja bei, anayeogopa kuitwa mwenye tamaa, huyo hajatoa zawadi. Amenyang'anywa kwa upole. Mama anayejua thamani ya kazi yake, kisha akasema, "Hii nawapa watoto wa shule ile," huyo ametoa, na furaha ya kutoa ni yake.

KABLA HUJATOA, JIULIZE

Nani atafaidika? Kama ni mtoto asiye na kitabu, au familia iliyofiwa inayohitaji neno la faraja, toa bila kuhesabu. Kama maandishi yako yatawekwa mahali penye matangazo, au yatauzwa, uliza fungu lako. Kuuliza si dhambi. Anayekukasirikia kwa kuuliza amekuonyesha mapema jinsi atakavyokutendea.

Ninaonjesha, au ninamwaga sinia zima? Unaweza kutoa sura moja na kubaki na kitabu. Unaweza kutoa tafakari ya Jumatatu, na zile za mwaka mzima ukazikusanya kuwa kijitabu cha kuuza.

Je, jina langu litabaki? Hata unapotoa bure, omba jina lako libaki. Bila jina, yule msomaji aliyeipenda hadithi yako hatajua akutafute wapi.

Ninatoa ruhusa ya kuitumia, au ninatoa umiliki? Haya ni mambo mawili tofauti, kama kumpangisha mtu chumba na kumpa hati ya nyumba. Soma masharti kabla ya kukubali. Ukiona maneno kama "haki zote" au "milele", simama, mwite mtu anayeelewa akusomee. Makubaliano yawe ya maandishi, hata na ndugu, hata na rafiki wa kanisani. Wapo wanaopenda kutumia leseni za wazi za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002. Humo unachagua mwenyewe kama watu wanaweza kubadilisha kazi yako au kuiuza. Lakini ukikwisha kutoa leseni hiyo, huwezi kuwanyang'anya waliokwisha kuipata. Basi fikiri kwanza.

Nyumba yangu inaweza kubeba zawadi hii? Kaa na mwenzako mzungumze. Mweleze kwamba kati ya kazi nne utakazoandika mwezi huu, moja ni sadaka na tatu ni za kutafutia wateja. Mume anayeona mpango huacha kuuliza kwa uchungu, na pengine yeye ndiye atakayewalaza watoto ili wewe umalize.

Mwisho, weka kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika katika daftari kila kazi uliyoitoa, tarehe, uliyempa, na kwa masharti gani. Hifadhi nakala yako mwenyewe mahali pengine mbali na simu, kwa maana simu huibiwa na huanguka ndani ya ndoo.

NA SISI TUSOMAO?

Wengi wetu si waandishi, lakini sote tunasoma na kupitisha. Hapo ndipo dhuluma nyingi inapofanyika bila sisi kukusudia. Dada anatumiwa tafakari nzuri, anafuta jina lililo chini, anaituma kwa kikundi chake, na watu wanamshukuru yeye. Mwingine ananunua kitabu, anakipiga picha kurasa zote, anawatumia wenzake hamsini akiona amefanya wema. Kumbe amegawa gunia la mtu mwingine.

Tuanze na mambo madogo. Tusifute jina la mtu. Tukipenda kazi, tumwandikie aliyeiandika tumwambie, kama wale wasomaji waliomsahihisha Weir. Anapouza kitabu kwa bei ya sahani ya chips, tununue, tusiombe cha bure kwa sababu tunafahamiana. Anayekufahamu ndiye angekuwa wa kwanza kukuunga mkono. Kamati inayopanga sherehe ya watoto iandike katika bajeti fungu la mwandishi, hata likiwa dogo. Akitaka kulirudisha kama sadaka, atalirudisha mwenyewe.

Tena watoto wetu wanatutazama. Mtoto anayemwona mama akiandika na kuheshimiwa kwa kazi hiyo hujifunza kwamba kufikiri ni kazi. Anayemwona mama akipitisha jasho la wengine bila jina hujifunza hilo pia.

Basi, dada unayeandika, usiku wa leo kabla hujatuma, soma jina lako pale chini. Kama hukuliandika, liandike. Kisha uamue kama kazi hii unaitoa au unaiuza, na umwambie wazi yule unayempelekea.